Miwani ya Uhalisia Pepe Madarasani: Gemu la Moss kwenye Mizani



Imetufikia barua kutoka kwa wajumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari iliyo chini ya msikiti, wakituomba rai juu ya jambo lililowagawa. Mfanyabiashara mmoja amewaletea pendekezo la kuwauzia miwani nne za uhalisia pepe pamoja na gemu liitwalo Moss, kwa maelezo kwamba gemu hilo ni salama kwa familia nzima na kwamba litawanoa watoto akili. Nusu ya wajumbe wanaiona ni kheri iliyochelewa. Nusu nyingine wanaona ni mchezo tu uliovishwa kanzu ya elimu. Fedha zenyewe ni za sanduku la Ijumaa, zilizochangwa na watu ambao wengi wao hawajapata kuiona miwani hiyo hata kwa picha.

Tumeona ni vyema barua hiyo tuijibu hapa hadharani, kwa kuwa haitakuwa shule ya mwisho kubishiwa hodi. Wala hatukutaka kuijibu kwa ile njia iliyozoeleka miongoni mwetu, ya kutoa hukumu juu ya kitu kabla ya kukijua. Ilipokuja televisheni, kisha kompyuta, kisha simu za mkononi, kila mara lilitoka kundi la kukataa na kundi la kukumbatia, na yote mawili yalifanana katika jambo moja: hayakuuliza kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Sisi safari hii tumeivaa miwani, tumelicheza gemu tangu mwanzo hadi mwisho, na tumewavalisha walimu wenzetu, wengine kwa kuwasihi sana.

Kwa asiyeijua, miwani hii hufunika macho yote mawili, na ndani yake kila jicho huoneshwa picha yake peke yake, iliyopigwa kutoka pembe iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Akili huziunganisha picha hizo mbili zikawa moja yenye kina, na mtu akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Ndipo aliyevaa huona kwamba yumo ndani ya mahali, si kwamba anapatazama. Jambo hili si geni kama linavyotangazwa. Mwingereza Wheatstone alionesha kifaa cha kuunganisha picha mbili za macho mawili mwaka 1838. Na kabla yake kwa zaidi ya miaka 800, mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri, alikwishaeleza katika Kitab al-Manazir namna macho mawili yanavyokutana juu ya kitu kimoja, ni wakati gani mtu huona kimoja na ni wakati gani huona viwili. Hatulitaji hili kwa kujifaharisha na wafu. Tunalitaja kwa kuwa suala aliloliuliza yeye, la jicho kukutana na jicho, ndilo hasa lililotushughulisha zaidi kuliko yote katika kulipima gemu hili, nasi tutalirudia.

Sasa tuliangalie gemu lenyewe. Moss lilitengenezwa na kampuni ya Polyarc ya mjini Seattle, Marekani, iliyoasisiwa mwaka 2015, na likatoka Februari 2018 kwa mashine ya PlayStation, kisha likaletwa kwenye miwani za aina nyingine. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 2022. Ni katika yale magemu ya kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, ambayo vijana wetu huyajua tangu zama za Mario, ila limechanganywa na mafumbo. Mchezaji hujikuta ameketi katika maktaba kubwa yenye mwanga wa mishumaa, mbele yake kuna kitabu, na anapokifungua huzama katika hadithi ya panya mdogo wa kike aitwaye Quill, ambaye ami yake ametekwa, naye hutoka kwenda kumtafuta. Ufalme wao umeangukia mikononi mwa joka kubwa. Mchezaji humwendesha panya kwa vishikio vya mkononi, akimrusha juu ya kuta na kumpigisha upanga dhidi ya wadudu wa chuma. Na wakati huohuo yeye mwenyewe, ambaye katika hadithi huitwa Msomaji, hunyoosha mkono kusogeza mawe, kuzungusha ngazi, au kumshika mdudu na kumweka juu ya kitako kinachofungua mlango.

Tuseme haki. Ni kazi nzuri. Hakuna uchi, hakuna matusi, hakuna kamari, hakuna mtu wa mbali asiyejulikana anayezungumza na mtoto sikioni, kwa kuwa gemu huchezwa na mtu mmoja bila ya kuunganishwa na wachezaji wengine. Halimwombi mtoto fedha katikati ya mchezo. Mafumbo yake yanahitaji subira ya kweli: mtu hulazimika kuinama, kuchungulia nyuma ya ukuta, kuinuka kidogo na kutazama juu ya paa, ndipo aone njia. Mmoja wa walimu wetu wa hisabati, mtu asiyependa upuuzi, alikaa mbele ya fumbo moja dakika kumi na tano na alipolifumbua alipiga paja. Aidha, panya huyo humtolea mchezaji ishara za mikono zilizochukuliwa katika lugha ya alama ya Marekani, jambo ambalo limewafurahisha viziwi wa huko. (Wanaotaka kulitumia gemu hili kwa ajili ya wanafunzi wetu viziwi wajue kwamba lugha za alama si moja duniani, na ya kwetu si ya Marekani.)

Wapo watakaouliza juu ya mnyama anayesema na kupigana upanga, na kama inafaa kijana wa Kiislamu kulishwa uzushi wa namna hiyo. Suala lao tunaliheshimu, lakini tunawakumbusha kwamba Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Abdallah ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 na ambacho vizazi kwa vizazi wamejifunza kwacho ufasaha, ni hadithi za mbweha na simba na ng'ombe wanaosemezana. Na bibi zetu walituleaje kama si kwa Sungura na Fisi? Hadithi ya panya haimdhuru mtoto anayejua kuwa ni hadithi. Kilichotutia shaka hakimo katika hadithi.

Kimo katika neno "familia". Mfanyabiashara aliwaonesha wajumbe daraja la umri la gemu, akasema mmeona, watoto wanaruhusiwa. Na ni kweli kwamba vipo vyombo vya kupanga magemu kwa umri: Marekani kipo ESRB tangu mwaka 1994, na Ulaya kipo PEGI tangu mwaka 2003. Lakini vyombo hivyo hupima yaliyomo: damu, matusi, uchi, hofu. Havipimi miwani. Anayeweka umri wa kuvaa miwani ni mtengenezaji wa miwani, na umri wake ni mwingine kabisa. Sony waliandika miaka 12 kwa miwani yao. Oculus waliandika 13. Hivyo likawepo gemu kama Lucky's Tale, hadithi ya mbweha mdogo iliyotolewa pamoja na miwani ya Oculus Rift mwaka 2016, ambalo kwa sura na kwa maudhui lingemfaa mtoto wa miaka 6, ilhali kifaa pekee cha kulichezea kilikuwa kimekatazwa kwa aliye chini ya miaka 13. Mzazi anayesoma daraja moja bila ya jingine amesoma nusu ya karatasi.

Na hata hiyo miaka 13 isichukuliwe kuwa ni fatwa ya matabibu wa macho. Ni umri uleule uliomo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto mitandaoni. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, mmiliki wa Oculus, iliuteremsha umri kutoka 13 hadi 10 kwa watoto wenye akaunti zinazosimamiwa na wazazi wao. Je, macho ya watoto wa miaka 10 yalikomaa mwaka huo? Kilichobadilika ni utaratibu wa akaunti, na soko likapanuka.

Hapa turudi kwa Ibn al-Haytham. Katika kutazama kwa kawaida, mtu akisogeza kidole karibu na pua, macho hufanya kazi mbili kwa pamoja: huelekeana ndani ili yakutane juu ya kidole, na lenzi ya kila jicho hujikaza ili kidole kionekane wazi. Kazi hizo mbili zimefungamana kama jembe na mpini. Ndani ya miwani hufarakana. Panya wa Moss huonekana yuko karibu sana, wakati mwingine ungedhani unaweza kumfuta vumbi, kwa hiyo macho huelekeana. Lakini mwanga unaoingia jichoni unatoka kwenye kioo ambacho lenzi za miwani zimekiweka katika umbali usiobadilika, wa mita moja hadi mbili hivi. Macho yanaambiwa "karibu", lenzi ya jicho inaambiwa "mbali". Mtu mzima huhisi uchovu, uzito wa kope, pengine kuumwa na kichwa, kisha humwondokea. Na gemu lililojengwa juu ya vitu vidogo vilivyowekwa karibu na uso, kama lilivyo hili, huuzidisha mvutano huo kuliko gemu la kutazama milima. Ndiyo sababu uzuri wa Moss na taabu yake vinatoka mahali pamoja.

Tena lipo suala la kipimo. Masafa baina ya mboni mbili za mtu mzima ni milimita 63 kwa wastani. Miwani ya Quest 2, ambayo ndiyo aina iliyopendekezwa kwa shule hii, ina nafasi tatu tu za kuwekea lenzi zake: milimita 58, 63 na 68. Mtoto mdogo, na hata baadhi ya wasichana waliokwisha kukua, masafa yao ni chini ya 58. Basi miwani huyaambia macho yao yatazame pasipokuwa pao. Kifaa chenyewe kina uzito wa gramu 503, yaani nusu kilo, na uzito huo karibu wote uko mbele ya uso. Tulipomuuliza mfanyabiashara juu ya kipimo cha mboni, alijibu kwamba mikanda yake inarefuka na kufupika. Tulimshukuru.

Katika jambo la kichefuchefu, Moss linasifika, na tunawajibika kulisema. Magonjwa ya miwani mengi hutokana na macho kuona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi, mfano wa abiria anayesoma ndani ya basi la Lushoto. Watengenezaji wa gemu hili walimweka mchezaji akiwa ameketi mahali pamoja, kila chumba kikitulia mbele yake kama sinia, na panya peke yake ndiye anayekimbia. Katika walimu wanane waliojaribu, mmoja tu ndiye aliyevua akiomba maji. Anayelinganisha na magemu mengine ya miwani ataona huo ni upungufu mkubwa wa taabu, ingawa wanane si idadi ya kujengea hoja.

Tumetoka katika macho, tuingie darasani, ambako kwa maoni yetu ndiko pendekezo hili linakovunjikia.

Darasa la shule hiyo lina wanafunzi 45. Kipindi ni dakika 40. Miwani ni nne. Tukimpa kila mwanafunzi dakika 20, ambazo ni kiasi tunachoona mtu asizidishe kwa mkupuo mmoja, zinahitajika dakika 900, na kwa miwani nne ni dakika 225, yaani vipindi vinavyokaribia sita, bila kuhesabu muda wa kuvaa, kufunga mikanda, kufuta jasho na kumweleza mtoto namna ya kushika vishikio. Na baada ya vipindi sita hivyo kila mwanafunzi atakuwa ameonja dakika 20 za gemu linalochukua kama saa nne kulimaliza. Ameona mlango wa maktaba. Tukitaka wote wamalize, ni saa 180, na kwa miwani nne ni saa 45, ambazo ni vipindi 68. Somo lenye vipindi vitano kwa wiki litatumia zaidi ya wiki 13. Mwalimu gani wa Kidato cha Pili anazo wiki 13 za ziada? Na wakati wanne wamezibwa macho, wale 41 wanafanya nini?

Suala hilo la mwisho lina jibu moja zuri, na tutalisema kwa kuwa hatukuja kubomoa tu. Anachokiona aliyevaa miwani kinaweza kurushwa kwenye televisheni au projekta. Basi mmoja akavaa, na darasa zima likatazama fumbo moja na kujadiliana kwa sauti: sogeza jiwe kwanza, hapana, mshike mdudu, zungusha ngazi. Tulijaribu hivyo na vijana wa Kidato cha Tatu siku ya Jumamosi, na yaliyotokea yalitupendeza. Mabishano yalikuwa ya hoja. Kijana mmoja ambaye darasani hanyanyui mkono ndiye aliyewaongoza wenzake kwenye suluhisho. Lakini tuwe wakweli na nafsi zetu: kilichowanufaisha pale kilikuwa ni lile fumbo na ule mjadala, na vyote viwili vinapatikana kwa ubao na chaki na mwalimu aliyejiandaa. Miwani ilimnufaisha mmoja aliyeivaa, kwa furaha.

Muuzaji hulitumia sana neno "umahiri", kwa kuwa anajua kwamba mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unalisisitiza. Tulimwomba atutajie mada moja, katika somo lolote, ya darasa lolote, ambayo gemu hili linaifundisha. Alisema linafundisha kufikiri. Hatukatai, na bao pia hufundisha kufikiri, na sarufi ya Kiarabu hufundisha kufikiri hadi mtu akalia. Shule hununua kifaa kwa ajili ya mada inayojulikana: hadubini kwa ajili ya seli, atlasi kwa ajili ya ramani. Watengenezaji wa Moss wenyewe hawakudai kuwa wametengeneza kitabu cha kiada. Walitengeneza hadithi ya kuchezwa, na wamefaulu. Dai la elimu limeongezwa njiani.

Upo upande wa lugha, ambao mjumbe mmoja aliutilia nguvu katika barua: gemu lina msimulizi anayesoma kwa Kiingereza safi, na vijana wetu wana udhaifu wa kusikiliza. Hoja hii ina uzito kuliko zote zilizoletwa. Msimulizi huyo kweli anasoma vizuri, kwa sauti moja anayoibadilisha kwa kila mhusika. Ila hiyo ni sauti, na sauti hutoka kwenye redio ya elfu thelathini.

Sasa yaliyo mahsusi kwa shule zetu. Miwani hufungwa kwa mikanda inayozunguka kichwa na kupita juu ya utosi. Msichana aliyevaa ushungi atavutwa ushungi wake, utateleza, naye kwa kuwa macho yamezibwa hatajua. Nani atamfunga mikanda na kuurekebisha ushungi? Kama mwalimu wa kompyuta ni mwanamume, kama ilivyo katika shule hii, jambo hilo halifai, na ni lazima awepo mwalimu wa kike chumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tena aliyezibwa macho na masikio yuko katika amana ya waliomzunguka. Anainama, ananyoosha mikono hewani, anacheka peke yake. Na katika zama hizi za simu, picha yake itafika kijijini kabla hajaivua. Simu zisiingie chumba hicho, za wanafunzi wala za walimu. Na povu linalogusa uso, ambalo hunywa jasho la wanafunzi 45, libadilishwe kwa kifuniko kinachofutika, lipanguswe baina ya mtu na mtu, na mwenye macho mekundu asivae siku hiyo wala siku inayofuata. Wanaotuona tunasimama mno kwenye mambo madogo waulize shule yoyote ya bweni ugonjwa wa macho mekundu huanzaje.

Miwani ya Quest haiwashiki bila akaunti ya kampuni, na nje yake ina kamera ambazo kwazo hujua chumba kilivyo na mikono iko wapi. Mwaka 2020 kampuni ililazimisha kila mwenye Quest 2 awe na akaunti ya Facebook. Agosti 2022 ikaleta akaunti nyingine ya Meta badala yake. Nani atakuwa mwenye akaunti hizo nne, na kwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya nani? Mfanyabiashara alipendekeza zifunguliwe kwa jina la mkuu wa shule, watoto watumie. Huo ni ujanja wa kumfanya mtoto aonekane mtu mzima mbele ya mashine, na matokeo yake ni kwamba duka lote la kifaa, lenye magemu ya damu na kumbi za mazungumzo na watu wasiojulikana, huwa wazi kwake kwa kubonyeza mara mbili. Chumba cha Moss ni safi. Kiko ndani ya jengo lenye vyumba vingi, na ufunguo ni mmoja. Tunawakumbusha wakuu wa shule kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mwanafunzi si mali ya shule kuzigawa.

Kuhusu umri wa vifaa tutasema kwa ufupi. Google ilileta miwani ya karatasi ngumu mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikawaletea walimu programu ya safari za kielimu iliyoitwa Expeditions. Wengi duniani wakapanga masomo yao juu yake. Ilifungwa mwaka 2021. Miwani ya kwanza ya Quest ilitoka mwaka 2019, na mwanzoni mwa mwaka 2023 wenyewe wakatangaza kuwa haitapata mapya tena. Katika kabati la madrasa yetu ipo nakala ya Ajurrumiyya iliyoshonwa mara tatu.

Na bei? Miwani ya Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa Marekani dola 299.99. Nne ni dola 1,200, ambazo kwa viwango vya wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni tatu, kabla ya usafiri na kodi. Bei iliyomo katika pendekezo hili, kwa miwani ya Quest 2 ambayo ni ya zamani zaidi, inazidi hiyo kwa mbali. Hatusemi zaidi. Mhazini anajua kuhesabu. Shule yenyewe, kwa maelezo ya barua, maabara yake ya kemia haina maji ya bomba, na wanafunzi watatu wanatumia kitabu kimoja cha fizikia.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Gemu la Moss tunalikubali kwa maudhui yake, na mzazi mwenye uwezo anayetaka kulicheza na mwanawe wa miaka 13 na zaidi nyumbani, kwa dakika 20 kisha mapumziko, hatuna la kumlaumu, akihakikisha wakati wa swala haujawapita wakiwa maktabani kwa panya. Kwa matumizi ya darasani hatulikubali, kwa sababu halina mada, halienei wanafunzi, na linakula muda usiokuwepo. Kwa klabu ya baada ya masomo, tunaona linaweza kufaa kwa masharti: miwani moja tu na projekta, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na kuendelea waliotimiza miaka 13, idhini ya mzazi kwa maandishi, wavulana na wasichana kwa siku tofauti kila kundi na msimamizi wake, akaunti iliyofungwa duka, na asiyetaka kuvaa asilazimishwe wala asichekwe. Miwani hiyo moja isinunuliwe kwa fedha za sanduku la Ijumaa. Waliotoa pale walitoa kwa ajili ya kujenga na kusomesha, nao hawakuulizwa. Akipatikana mtu wa kuitoa kwa hiari yake, ipokelewe kwa shukrani na iandikwe kwenye daftari la mali za shule.

Wajumbe waliosema "tutaachwa nyuma" tunawaelewa. Hofu hiyo tunaijua, na imewahi kutununulisha vitu vingi. Tunawaomba waingie katika chumba cha kompyuta cha shule yao wahesabu ni mashine ngapi kati ya zilizopo zinawaka.

Limebaki moja. Katika nakala ya mkataba tuliyotumiwa, kifungu cha sita kinasema malipo yote hutangulia, na kwamba miwani ikishafunguliwa kwenye boksi hairejeshwi hata kama haikufaa. Bodi inakutana baada ya swala ya Alasiri, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Tunawashauri wamwite mfanyabiashara mwenyewe aje na miwani moja iliyofunguliwa, aiache shuleni wiki mbili bila malipo, mwalimu wa kike na wa kiume waijaribu na wanafunzi kumi wa umri unaostahiki, na kifungu hicho cha sita kifutwe kwa kalamu mbele ya mhazini kabla ya neno jingine lolote kusemwa.